Mtoto Aliyetulia

Wodi ya Watoto Wachanga
Jumatatu, 4 Machi

Wifi yangu,

Dereva wa chuo chenu amewashusha wanafunzi na kusema anarudi saa nane, kwa hiyo nina dakika ishirini. Simu siitaki. Kila nikikupigia, kaka yako anasogeza kiti, na mwisho wa maongezi yeye ndiye anayeongea.

Nina swali moja la kazi. Unamkumbuka yule binti uliyekuwa ukimwita Mwandiko? Tunaye hapa wodini tangu Oktoba. Ulipomfundisha utunzaji wa mtoto mchanga, ulimwambia nini hasa juu ya mtoto kutulia? Naomba maneno yenyewe, si maelezo.

Usiniulize kwa nini. Nijibu kwanza.

Nyumbani hatujambo. Kaka yako ametengeneza bomba la jikoni kwa mikono yake mwenyewe, na sasa maji ya kupikia tunateka bafuni.

Wifi yako wa wodini


Chuo cha Uuguzi, chumba cha wakufunzi
Jumatano, 6 Machi

Wifi,

Barua yako ni fupi kama cheti cha dawa. Hata salamu umeipima kwa mililita.

Nani atamsahau Mwandiko? Miaka kumi na tisa nimesahihisha madaftari, na sijaona daftari kama lile. Herufi zimesimama kama wanajeshi, mistari imepigwa kwa rula, vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Nilikuwa nalinyanyua mbele ya darasa na kusema, "Tazameni, hivi ndivyo muuguzi anavyoandika." Wenzake walimnunia wiki nzima.

Maneno uliyoyataka ni haya, mada ya saba, ukurasa wa pili: "Mtoto aliyeshiba hutulia." Sihitaji kukumbuka, noti ninazo mbele yangu. Kama binti amefanya jambo zuri huko, usione haya kunitaja.

Na mimi nina habari. Wiki ijayo, kuanzia Jumanne, nitakuwa kwenye warsha ya siku nne ya kuboresha ufundishaji wa sayansi za afya. Watakuja wakufunzi wa vyuo mbalimbali, wa maabara, wa famasia, wa meno, wa kila kitu. Kati yetu wakufunzi ishirini na mmoja wa chuo hiki, mkuu wa chuo ameniteua mimi peke yangu.

Mwambie kaka yangu amwite fundi. Mkono wake tunaujua.

Wifi yako wa chuoni


Wodi ya Watoto Wachanga
Ijumaa, 8 Machi

Wifi yangu,

Hongera kwa uteuzi. Nimewaambia wenzangu hapa kwamba wifi yangu anakwenda kuwafundisha walimu namna ya kufundisha. Kaka yako hakushangaa. Anasema ulipokuwa na miaka saba uliwapanga kuku mstari mmoja ukawasomea, na jogoo alipoondoka ulimwandika jina.

Sasa nikueleze nilichokuficha.

Tarehe 27 Februari Mwandiko alikuwa zamu ya asubuhi, na watoto kumi na wanne mikononi mwake. Kitanda cha sita kulikuwa na mtoto wa siku mbili, kilo mbili na robo. Chati yake inasomeka hivi. Saa moja: joto 36.6, ametulia. Saa tatu: ametulia. Saa tano: ametulia. Mwandiko safi, unasomeka hata ukiwa mlangoni.

Saa tano na nusu nilikuwa napita, mama wa mtoto akaniita. "Sista, huyu tangu asubuhi hataki kunyonya. Ila hanisumbui." Nikashika mguu wa mtoto. Ulikuwa baridi kama kijiko. Joto thelathini na nne na nusu. Sukari ya damu ya kisiginoni, moja nukta nne, chini mno. Tukampa glukosi kwenye mshipa, tukamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, tukawafunika wote wawili. Saa nane mchana alilia. Wodi nzima ilisikia na hakuna aliyeomba anyamazishwe. Sasa yuko kwao, ananyonya.

Nilimuuliza Mwandiko kwa nini hakupima joto tena tangu saa moja asubuhi. Akasema, "Sista, alikuwa ametulia. Mtoto aliyetulia ameshiba. Nikawahi wale waliokuwa wanalia."

Kamati ya nidhamu inakaa Alhamisi, tarehe 21. Shitaka ni uzembe. Wakimkuta na hatia anafukuzwa kazi na jina lake linapelekwa baraza la wauguzi, na huko mtu anaweza kunyang'anywa leseni. Ana miaka ishirini na nne, na mikono mizuri kuliko wengi niliowahi kuwasimamia.

Naomba uje kamatini useme kilichofundishwa darasani. Silaumu mtu. Nataka wajue sentensi ile haikuota yenyewe.

Wifi yako wa wodini


Chuo cha Uuguzi
Jumapili, 10 Machi

Wifi,

Namshukuru Mungu mtoto amepona. Hayo mengine siyakubali.

Soma tena nilichokuandikia. Aliyeshiba hutulia. Sikusema aliyetulia ameshiba. Kila ng'ombe ana mkia, lakini si kila chenye mkia ni ng'ombe, na hilo halihitaji chuo kulijua. Mtoto hutulia kwa kushiba, hutulia kwa baridi, hutulia kwa sukari kushuka, hutulia kwa kufa. Yote hayo yamo katika mada ya saba, ukurasa wa tatu. Nilisoma, wakaandika. Nilipomaliza nikauliza, "Mmeelewa?" Wakaitikia darasa zima, vioo vikatikisika. Sasa unataka nisimame mbele ya mganga mkuu niseme nini? Kwamba mwanafunzi alisema ameelewa, nami nikamwamini?

Chuo kina jina lake, na mimi nina langu. Kosa la wodini limalizwe wodini. Sitakuja.

Salamu kwa kaka yangu.

Wifi yako wa chuoni


Wodi ya Watoto Wachanga
Jumatatu, 11 Machi

Wifi yangu,

Nimekusoma. Sikulazimishi.

Nakutumia nakala ya ukurasa mmoja wa daftari la Mwandiko, la mwaka wa pili. Tazama mstari wa tisa, uliopigiwa rula chini: "Mtoto aliyetulia ameshiba." Tazama na pembeni yake. Tiki, "Vizuri sana", na saini yako.

Daftari lenyewe liko kabatini kwangu. Kamati haijaliona. Nilitaka kulipeleka, Mwandiko akanizuia. Alisema, "Sista, tafadhali. Usimwaibishe mwalimu wangu." Alikuwa anakunja mashuka, na hakuacha kukunja.

Nakutakia warsha njema.

Wifi yako wa wodini


Ukumbi wa warsha
Jumatano, 13 Machi, baada ya chai

Wifi,

Kwanza ukweli. Mimi si mwezeshaji wa warsha hii. Sikusema kwamba ni mwezeshaji, ila uliponipongeza nilinyamaza, na kunyamaza kwenyewe kulikuwa kutamu. Mkuu wa chuo alinileta kwa sababu wanafunzi walijaza fomu za kutupima wakufunzi, na mmoja wao aliandika juu yangu: "Mwalimu anajua sana. Sisi ndio hatujui." Mkuu alinisomea mara mbili. Nilimshukuru. Nilidhani ni sifa.

Mwezeshaji ni mama mfupi aliyefundisha anatomia mpaka akastaafu. Miwani yake huitafuta huku ameivaa. Jana, kabla hata ya kutusalimu, aliwaomba wanaume wawili walitoe jukwaa nje. Viti vikapangwa mviringo, na mimi na noti zangu za miaka kumi na tisa tukakosa pa kujificha. Niliziweka mapajani kama mtoto wa mtu mwingine.

Ana tabia moja ambayo mwanzoni niliiona ni kukosa adabu. Akiuliza swali, haliongezei neno, halijibu mwenyewe, hamtaji mtu. Anaweka nukta na kusubiri. Jana nilihesabu sekunde ishirini na tatu. Mfamasia akashindwa kuvumilia akajibu ilimradi ukimya uishe, na jibu lake likawa zuri kuliko yote ya siku ile. Tumempa jina, Bi Nukta. Amelisikia, na amelichukua.

Kila mmoja wetu anawafundisha wenzake kwa dakika kumi. Tuko kumi na tisa. Leo asubuhi zamu yangu ilipofika nilichagua mada ya saba makusudi. Nilitaka mashahidi. Nilisema sentensi ile kama ilivyoandikwa, nikaitolea maelezo, nikafika ukurasa wa tatu, nikamaliza kwa wakati.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo mwalimu!" wakaitikia. Daktari wa meno alipiga na saluti.

Bi Nukta akagawa vipande vya karatasi. "Mtoto kutulia. Kila mmoja aandike sentensi moja atakayokwenda nayo wodini kesho. Msichungulie kwa jirani. Daktari wa meno, nakuona."

"Mama, mimi hata wodi sina."

"Basi andika ya kumwachia jirani."

Akazikusanya, akazisoma kwa sauti moja baada ya nyingine, akizipanga sakafuni katika mafungu. Wanne waliandika nilivyosema. Wawili waliandika mambo yao. Daktari wa meno alichora jino limelala. Kumi na mmoja, wifi, watu wazima, wakufunzi, wengine wamekula chumvi nyingi kuliko mimi, waliandika: mtoto aliyetulia ameshiba.

Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Sikusema hivyo!"

"Hukusema," akajibu Bi Nukta. "Nimekusikiliza vizuri. Ulisema sawa tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Na niliwauliza kama wameelewa."

"Mara kumi na nne. Nimeandika hapa. Mtu akikujibu hapana, ulikuwa umejiandaa kufanya nini?"

Akaweka nukta. Nilitazama kuta, nikatazama viatu vyangu. Hakunisaidia, na hakuna mwenzangu aliyecheka, hata yule wa meno. Sikumbuki mara ya mwisho mtu aliponiuliza swali ambalo jibu lake sikulijua, kisha akaniachia nafasi ya kulitafuta. Mwishowe nikasema, "Hakuna. Sikuwa nimejiandaa."

"Ahsante," akasema. "Hapo ndipo tunapoanzia kazi." Akanipa chaki, akaniambia nichague kikundi.

Ile nakala yako nilikuwa nayo mkobani tangu juzi, nimeikunja mara nne. Wakati wa chai nimeikunjua. Tiki ni yangu. Unajua nilivyosahihisha madaftari yale? Nilikuwa natazama mwandiko.

Usilitoe daftari bado. Niachie mpaka Ijumaa.

Wifi yako wa chuoni


Ukumbi wa warsha
Ijumaa, 15 Machi

Wifi,

Nitakuja tarehe 21. Mwombe mwenyekiti anipe dakika kumi, sihitaji kumi na moja. Mwambie Mwandiko kwamba daftari nitalionyesha mwenyewe, na kwamba si kazi ya mwanafunzi kuzuia aibu ya mwalimu. Akikataa, mwambie ni amri ya mwisho kutoka kwangu.

Nikueleze tulichotengeneza, kwa sababu sitaki ukione kwa mara ya kwanza ukanicheka mbele za watu. Kikundi changu kilikuwa mimi, mkufunzi wa maabara na daktari wa meno. Bi Nukta alitupa kazi: tufundishe mada ya saba bila mimi kusema sentensi ile hata mara moja. Siku nzima ya jana tulikwama. Kila nikifungua mdomo, noti zinatoka. Daktari wa meno akasema ana dawa ya ganzi garini kama ninaihitaji.

Halafu mtu wa maabara, ambaye tangu Jumanne alikuwa amesema maneno kama manne, akauliza, "Mtoto mwenye baridi na mtoto aliyeshiba, ukiwatazama tu, wanatofautianaje?"

Nikasema, "Saa nyingine hawatofautiani."

"Basi si tuwape wanafunzi watazame?"

Tukachukua midoli miwili ya mazoezi, iliyo wazi mgongoni. Mmoja tukamtia chupa ya maji ya uvuguvugu, mwingine chupa ya maji ya friji. Tukawafunga blanketi sawasawa, nyuso zile zile, macho yamefumba. Leo asubuhi tukawalaza mezani mbele ya wenzetu, na mimi nikasema maneno haya tu: "Mmoja ameshiba, mmoja anakufa. Yupi?" Nikaweka nukta. Wifi, ile kazi ya kunyamaza ni ngumu kuliko kusema!

Walibishana, wakapiga kura, wakachungulia midomo. Dakika nne zilipita kabla ya mmoja kuingiza mkono chini ya blanketi. Akautoa haraka kama aliyeshika moto. Baada ya hapo niliwaomba waandike sentensi zao. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba aliyetulia ameshiba. Wengi waliandika: mguse.

Bi Nukta hakunisifu. Alitafuta miwani yake, akaipata usoni, akasema, "Sasa tufanye ya famasia." Lakini nilipoondoka alinipa midoli yote miwili, akasema nirudishe nikimaliza nayo.

Wifi yako wa chuoni


Wodi ya Watoto Wachanga
Ijumaa, 22 Machi

Wifi yangu,

Jana nilikutumia ujumbe wa neno moja, "Amebaki", kwa sababu ulishaondoka na gari nami nilijua hutakula mpaka upate jibu. Leo nakueleza yaliyotokea baada ya wewe kutolewa nje.

Nianze na ulichokiona lakini hukukiona, maana ulikuwa unatazama meza. Ulipouliza yupi anakufa, mganga mkuu, mwenyekiti wetu, alivua miwani, akainama, akamnyooshea kidole wa kushoto na kusema, "Huyu ndiye mzima, katulia vizuri." Ulinyamaza. Katibu wa hospitali akanong'ona kwamba midoli si ushahidi. Ulinyamaza. Muuguzi mkuu ndiye aliyenyoosha mkono, akamgusa wa kushoto, akautazama mkono wake, kisha akamtazama mganga mkuu. Mimi nimekaa kwenye kamati ile miaka sita na sijawahi kuona watu watano wakielewa jambo moja kwa wakati mmoja bila kuelezwa.

Kisha ukafungua daftari, ukasoma mstari wa tisa, ukasema, "Tiki hii ni yangu. Niliweka bila kusoma. Sentensi hii ameibeba miaka miwili akidhani mimi nimeipitisha, na alikuwa sahihi kudhani hivyo." Ukafunga. Dakika tisa. Ulinifundisha kuhesabu.

Ulipotoka, mwenyekiti alimgeukia Mwandiko. "Kwa hiyo kosa ni la mwalimu wako?"

Akasimama. Alikuwa ameshika ncha ya koti lake. "Hapana, daktari. Mwalimu hakuwepo kitanda cha sita. Mimi nilikuwepo mara tatu. Nilimtazama, sikumgusa. Na chati inataka joto kila baada ya saa mbili, nami sikupima. Hilo halikuandikwa kwenye daftari la mtu."

"Unajua unachokisema kinaweza kukufukuzisha?"

"Najua."

Mganga mkuu aliegemea kiti. "Miaka yangu yote hapa nimeona watu wakisukumiana kosa," akasema. "Hii ya kunyang'anyana sijawahi."

Walikaa saa moja na nusu. Katibu alitaka afukuzwe, na akasema hivyo kwa hoja, si kwa chuki: mtoto alikaribia kufa, na kama si mama yake kuniita, angekufa. Ni kweli, na sikumpinga. Muuguzi mkuu akasema akifukuzwa, wodi itabaki na wauguzi kumi na mmoja wanaoamini sentensi ile ile, na mmoja anayejua kwamba si kweli atakuwa nyumbani. Wakapiga kura, watatu kwa wawili. Onyo la maandishi. Miezi mitatu chini ya uangalizi wangu. Jina haliendi barazani.

Muuguzi mkuu anataka wewe na Bi Nukta mje kwa siku moja kuwafundisha wauguzi wote wa wodi, kwa makundi mawili. Nimesema nitakuuliza.

Wifi, nimekufahamu miaka kumi na sita, tangu siku kaka yako aliponileta kwenu nawe ukanikagua kucha. Siku zote nimekuheshimu, na mara nyingi nimekuogopa. Jana nilipokuona umesimama na midoli yako mbele ya watu wenye vyeo, hujui watasema nini na husemi neno la kujisaidia, nilitamani ningekuwa mwanafunzi wako. Si kwa siku zile. Kwa sasa.

Kaka yako nimemweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Tarehe ya muujiza huo nimeiandika ukutani.

Wifi yako wa wodini


Wodi ya Watoto Wachanga
Jumanne, 2 Aprili, saa tano asubuhi

Mwalimu,

Shikamoo. Nimeambiwa na sista kwamba nikuandikie mwenyewe. Samahani kwa haraka na kwa mwandiko, karatasi nimeiweka juu ya goti.

Kitabu kinasema mtoto mwenye sukari ndogo hutetemeka. Mtoto wa kitanda cha sita, yule niliyemtazama Februari bila kumgusa, hakutetemeka hata kidogo, na sukari yake ilikuwa moja nukta nne. Leo kitanda cha pili nina mtoto wa siku moja anayetetemeka mikono na kidevu. Nimepima sukari mara mbili, saa tatu na saa nne na nusu. Mara zote iko juu ya nne, haijashuka. Joto 36.8, ananyonya, miguu ina joto. Nikimshika mkono mtetemeko unaacha, nikimwachia unarudi.

Sentensi ya kitabu nimeigeuza huku na huku na haisimami upande wowote. Huyu anatetemeka kwa nini, na yule kwa nini hakutetemeka? Nimeita daktari, yuko chumba cha upasuaji, atakuja akimaliza. Sista anasema anakisia, lakini hataki kunipa kisio.

Sitaki jibu la kunitoa wasiwasi. Nataka kujua nishike wapi, nitazame nini, na nipime nini tena kabla ya kipimo kijacho cha saa saba. Dereva anakuletea barua hii sasa na atakungoja.

Muuguzi, zamu ya asubuhi